Umeme wa Gesi: Njia ya Mkato Ilivyotuchelewesha

Mei 1995, mabwawa ya kufua umeme yakiwa yamepungukiwa maji kwa ukame na wananchi wakiishi kwa mgawo, shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, lilisaini mkataba na kampuni ya IPTL ili ujengwe mtambo wa megawati 100 Tegeta, Dar es Salaam. Ulikuwa mtambo wa dharura, na hoja hiyo ya dharura ndiyo iliyoupitisha mbele ya wataalamu waliouona kuwa ghali kuliko nchi ilivyostahili kulipa. Umeme wake ulianza kuuzwa Januari 2002. Hesabu mwenyewe: karibu miaka saba tangu saini hadi uniti ya kwanza. Ujenzi ulikwisha 1998, lakini mashine zikakaa kimya kwa miaka kadhaa kwa sababu muuzaji na mnunuzi walikuwa hawajaafikiana juu ya mambo mawili ya msingi kabisa: ni mashine za aina gani zilizoahidiwa, na zimegharimu kiasi gani. TANESCO ilidai kwamba mkataba ulitaja injini za mwendo wa taratibu, ilhali zilizofungwa zilikuwa za mwendo wa kati ambazo bei yake ni ndogo. Shauri likafika kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, na 2001 gharama ya ujenzi iliyotambuliwa ikashushwa hadi takriban dola milioni 127 za Marekani. Maswali hayo mawili ndiyo hasa ambayo utaratibu wa serikali wa kuidhinisha mitambo ya umeme umewekwa uyaulize kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mtambo wa Tegeta ulikuwa wa mafuta mazito, lakini historia ya umeme wa gesi nchini haisimuliki bila huo. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa 1974. Mradi wa kuileta Dar es Salaam na kuichoma Ubungo ulikuwa ukiandaliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ulikuwa na yale ambayo mradi wa IPTL haukuwa nayo: nafuu ya bei, nishati inayochimbwa hapa hapa, na uchambuzi wa kutosha. Ulipotokea mkataba wa Tegeta, Benki ya Dunia, iliyokuwa mkopeshaji mkuu wa mradi wa gesi, ikasita. Nchi isingeweza kulipia mitambo yote miwili kwa wakati mmoja bila kuielemea TANESCO. Fedha za Songo Songo zikaidhinishwa 2001, baada ya mzozo wa IPTL kupata uamuzi, na gesi ikafika Ubungo 2004, miaka 30 tangu kugunduliwa. Kwa hiyo mradi ulioruka ngazi ulichelewa wenyewe, na ukauchelewesha ule uliokuwa ukizipanda moja baada ya nyingine.

Naanza na tukio hilo kwa sababu katika mazungumzo yetu ya kila siku, na mara nyingi hata bungeni, lawama ya kukosekana kwa umeme huangushiwa urasimu. Husemwa kwamba vibali ni vingi, ofisi ni nyingi, na kila ofisi ina mhuri wake. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, nitaurudia. Lakini ukiipima kwa yaliyotokea katika miaka 30 iliyopita, utaona kwamba giza la Tanzania halikuletwa na wingi wa hatua za kuidhinisha mitambo. Hasara kubwa zaidi tulizopata katika sekta hii zimetokana na hatua zilizorukwa, na kila ziliporukwa tuliambiwa ni kwa ajili ya kuwahi.

Ili msomaji apime hoja hii mwenyewe, ni vizuri aelewe kwa nini mtambo wa gesi hauwezi kuidhinishwa na mtu mmoja au ofisi moja. Jenereta ya dizeli huletwa na meli, hufungwa popote penye barabara, na mafuta yake huletwa na lori. Mtambo wa gesi umefungwa kwenye bomba. Ukiujenga mahali ambapo bomba halifiki, au bomba likafika lakini gesi iliyomo imekwisha kuahidiwa kiwanda cha saruji, umejenga chuma. Bomba la Songo Songo lina urefu wa kilomita 232 hivi, sehemu yake ikipita chini ya bahari. Lile la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa 2015 kwa mkopo wa China wa zaidi ya dola bilioni moja, lina kilomita 542 na uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Mitambo ya Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, ilijengwa kwa kulitegemea. Kwa hiyo swali la kwanza katika kuidhinisha mtambo ni kama nchi ina gesi ya kuulisha kwa miaka 20, nani ameiahidi, na kwa bei gani. Swali hilo linazihusisha TPDC yenye bomba, PURA inayosimamia uchimbaji, na EWURA inayodhibiti bei ya gesi baada ya kutoka visimani, kwa mujibu wa Sheria ya Petroli ya 2015.

Kabla ya hapo huja Mpango Kabambe wa umeme, waraka ambao wananchi wengi hawajawahi kuuona ingawa ndio mama wa vibali vyote. Wizara ya Nishati huuandaa na kuuhuisha kila baada ya miaka michache ili kukadiria nchi itahitaji megawati ngapi, lini, na zitoke wapi: majini, kwenye gesi, kwenye makaa, kwenye jua au upepo. Mradi uliomo ndani ya mpango huo una mahali pake katika foleni na katika gridi. Mradi unaotokea pembeni, umeletwa na mtu mwenye mkoba na barua ya utambulisho, unapaswa kujieleza mara mbili. Mapungufu ya mpango yapo, kwa kuwa makadirio ya mahitaji hukosewa na miradi iliyoandikwa humo husubiri fedha kwa miaka. Hata hivyo ndio chombo pekee kinachomwezesha ofisa wa serikali kumwambia mwekezaji, au kumwambia waziri wake, kwamba mtambo huu hatuuhitaji sasa.

Halafu kuna ardhi na mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza mradi mkubwa kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira. NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, huipitia tathmini hiyo, hukagua eneo na kukusanya maoni ya wananchi, kisha hutoa ushauri kwa waziri mwenye dhamana ya mazingira kuhusu cheti. Wapo wanaoiona hatua hii kuwa ya kukamilisha makaratasi tu, kwa madai kwamba gesi ni safi. Ni safi ukiilinganisha na makaa na mafuta mazito, hilo halina ubishi. Lakini joto kali ndani ya tanuru la turbini huzalisha gesi za oksaidi za nitrojeni zinazodhuru mapafu, ngurumo ya mashine haisimami usiku, na mtambo unaotumia joto la moshi kuchemsha maji ili mvuke uzungushe turbini ya pili, kama ilivyo Kinyerezi II, huhitaji maji ya kuaminika. Faida yake ni kubwa, maana gesi ileile hutoa umeme zaidi. Hata hivyo katika jiji ambalo mitaa mingi hununua maji kwa madumu, ni haki ya mkazi kuuliza maji hayo yanatoka wapi kabla mtambo haujajengwa. Akiuliza baada ya hapo atajibiwa kwamba fedha zimekwisha kutumika.

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo, yaani mkataba wa kuuziana umeme. Hapa ndipo fedha zilipo, na hapa ndipo mwananchi wa kawaida huachwa nje kwa kuaminishwa kwamba ni mambo ya kitaalamu mno. Si magumu hivyo. Mtu binafsi anapojenga mtambo, TANESCO ndiyo inayonunua umeme wake. Malipo yake huwa na sehemu mbili. Sehemu moja ni ya umeme uliozalishwa: uniti nyingi, malipo mengi. Sehemu ya pili ni malipo ya uwezo, ambayo mwenye mtambo hulipwa kwa sababu tu mtambo wake upo na uko tayari kuwashwa, uwe umewashwa au haukuwashwa. Malipo haya si wizi. Aliyekopa fedha benki kujenga mtambo lazima arejeshe mkopo hata siku ambazo mvua imenyesha na mabwawa yamejaa. Lakini ukubwa wake ndio unaoamua kama mkataba utalisaidia taifa au utalinyonya, na hutegemea maswali machache: gharama halisi ya ujenzi ilikuwa kiasi gani, faida ya mwekezaji ni asilimia ngapi, mkataba ni wa miaka mingapi, na mtambo ukiharibika malipo yanakoma au yanaendelea. Mkaguzi akiyakosa majibu hayo kabla ya saini, atayatafuta mahakamani kwa gharama ya mlipa kodi.

Mfano wa Richmond unaonyesha jinsi maswali hayo yanavyoweza kukosa wa kuyauliza. 2006 ukame ulirudi, mgawo ukarudi nao. Juni mwaka huo TANESCO ilisaini mkataba na kampuni ya Richmond kutoka Marekani ilete mitambo ya kuchoma gesi, megawati 100, na malipo ya uwezo yakawekwa shilingi milioni 152 kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi bilioni 55, iwe mtambo unafanya kazi au umezimwa. Kampuni ilishindwa kuleta mitambo kwa wakati, na kabla ya mwaka kwisha mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilichunguza na kuripoti Februari 2008 kwamba Richmond haikuwa na uzoefu, utaalamu wala uwezo wa kifedha wa kazi iliyopewa. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, pamoja na mawaziri wawili. TANESCO ikauvunja mkataba, Dowans ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2010 TANESCO ikaamriwa kulipa fidia ya takriban shilingi bilioni 94. Mitambo ileile ikanunuliwa na kampuni ya Symbion 2011, mwaka wa mgawo mwingine mkubwa, na mkataba wake nao ukaishia kwenye mgogoro wa usuluhishi.

Angalia hatua ambayo ingetosha kuyazuia haya yote. Sheria ya manunuzi ya umma ilikuwepo tayari. Kuhakiki kama mzabuni amewahi kujenga mtambo hata mmoja, kama ana fedha benki, na kama anwani yake ni ya ofisi kweli, si kazi ya miaka mitatu. Ni kazi ya wiki chache, ya simu na barua. Iliachwa katika mwaka ambao nchi ilikuwa gizani, na kwa sababu iliachwa, megawati 100 hazikupatikana giza lilipokuwa zito. Wanaosema kwamba wakati wa dharura hakuna nafasi ya taratibu wanapaswa kuutazama wakati huo wa kushindwa kuleta mitambo, kuliko hata kashfa yenyewe. Tungekuwa tumepoteza fedha tukapata umeme, mjadala ungekuwa mwingine. Tulipoteza fedha, na umeme ukachelewa.

Baada ya mkasa huo Bunge lilipitisha Sheria ya Umeme ya 2008, iliyoipa EWURA nguvu juu ya uzalishaji wote mkubwa. Hakuna anayeruhusiwa kufua umeme wa kuuza kwenye gridi bila leseni yake, na mamlaka hiyo ndiyo inayopima bei kabla haijamfikia mteja. Mwombaji wa leseni hutangazwa magazetini na wananchi huitwa kutoa maoni au pingamizi. Kwenye masuala ya bei hufanyika taftishi, mikutano ya wazi ambamo Baraza la Ushauri la Watumiaji husimama upande wa mlaji. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. EWURA ilionyesha meno yake 2017, pale IPTL ilipoomba kuongezewa muda wa leseni. Maombi yalitangazwa, wananchi na wabunge wakapinga, na leseni ilipokwisha Julai mwaka huo haikuongezwa. Mtambo ulioingia kwa njia ya mkato 1995, ukazaa mgogoro wa Tegeta Escrow, akaunti iliyotunza malipo yaliyobishaniwa kati ya TANESCO na IPTL, uliotikisa serikali 2014 baada ya zaidi ya shilingi bilioni 300 kutolewa, ulizimwa hatimaye kwa hatua ya kawaida kabisa ya kiutawala: tangazo la gazeti, muda wa maoni, na uamuzi.

Hapo mpinzani wa hoja yangu atauliza swali zito kuliko lile la urasimu. Atasema: taratibu zilikuwepo wakati wa Escrow, zilikuwepo wakati wa Richmond, na wakubwa wakazipita. Mihuri haizuii mtu mwenye cheo, kwa nini basi tujidanganye kwamba mihuri itatuokoa? Nakubali kwamba hatua ambayo hakuna anayeiona ni rahisi kuruka. Ndiyo maana tofauti kati ya hatua iliyofanya kazi 2017 na zile zilizoshindwa 2006 haikuwa ubora wa sheria peke yake. Ya 2017 ilifanyika hadharani. Zile za 2006 zilifanyika ndani ya vyumba, na nchi ilizijua baada ya kamati ya Bunge kuita mashahidi. Mkataba wa kuuziana umeme unaodumu miaka 20 huwekwa kwenye kabati kama siri ya biashara, wakati anayeulipa ni mteja anayenunua umeme kwa LUKU. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ya 2015 inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi itangazwe. Sioni sababu kwa nini gesi iwe jambo la wazi ikiwa ardhini, kisha igeuke siri inapogeuka umeme.

Ukitaka kuona nguvu ya uwazi, tazama pwani ileile, kaskazini ya mpaka. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni 2016 kwa mtambo wa megawati 1,050 Lamu. Ulikuwa wa makaa ya mawe, lakini ngazi za idhini ni zilezile. Wakazi walilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, wakaenda kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, na Juni 2019 baraza hilo likaifuta leseni, sababu mojawapo ikiwa ushirikishwaji duni wa wananchi. Wengine walisikitika kwamba Kenya imepoteza mtambo. Mimi naona mwekezaji alipoteza miaka kwa sababu kazi ya kuwasikiliza watu wa Lamu haikufanywa mwanzoni, ilipokuwa rahisi. Kwetu, Mtwara ilitufundisha jambo hilohilo kwa njia chungu zaidi. Januari na Mei 2013 mji huo uliingia kwenye ghasia, nyumba zikachomwa na watu wakapoteza maisha, katika mzozo wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Serikali ilikuwa na hoja za kiuchumi za kulijenga, na nyingi zilikuwa na maana. Zilifika Mtwara zikiwa zimechelewa, baada ya uamuzi kwisha kufanyika, na watu walioona gesi ikipita mlangoni kwao hawakuwa wameelezwa watabaki na nini.

Nilisema nitaurudia ukweli uliomo katika malalamiko ya urasimu. Ni kweli kwamba mwombaji anaweza kuombwa waraka uleule na ofisi tatu, kwamba barua hukaa mezani, kwamba dhamana ya serikali chini ya sheria ya 1974 ya mikopo na dhamana husubiri Hazina huku bei ya mashine ikipanda duniani. Upanuzi wa Kinyerezi I wa megawati 185 ulichukua miaka mingi kuliko ilivyopangwa, na ulikuwa mradi wa serikali yenyewe. Lakini ukiutazama ucheleweshaji huu kwa karibu utakuta mwingi umetokana na fedha kukosekana au maofisa kutojibu, na ni kidogo tu unaotokana na swali lenyewe kuulizwa. Dawa yake ni kuziwekea ofisi muda wa kujibu na kuziunganisha. Hilo linawezekana, na sehemu limeanza kufanyika. Kanuni za tathmini ya mazingira zilirekebishwa 2018 ili miradi ipangwe kwa makundi kulingana na uzito wa athari, mdogo usibebeshwe mzigo wa mkubwa. EWURA imeandaa mikataba ya mfano ya kuuziana umeme, ili majadiliano yasianzie ukurasa mtupu kila mara. Mambo kama haya hufupisha safari bila kuondoa kituo hata kimoja.

Halafu kuna Kinyerezi II. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2016, na Aprili 2018 Rais John Magufuli aliuzindua mtambo huo, ambao uwezo wake ni takriban megawati 240. Miaka miwili. Ulijengwa kwa mkopo mkubwa kutoka Japani, na deni lake ni letu sote, kwa hiyo sisemi kwamba haukuwa na gharama. Ninachosema ni kwamba ulikwenda haraka kwa sababu maswali magumu yalikuwa na majibu kabla ya ujenzi kuanza: bomba lilikuwepo, gesi ya Mtwara ilikuwa imefika, kiwanja kilijulikana, njia ya kuingia gridi ilipangwa, mashine na mjenzi vilifahamika, mkopeshaji alikuwa amekagua. Ulinganishe na Tegeta: ule wa dharura karibu miaka saba, huu wa kupangwa miaka miwili ya ujenzi. Maandalizi ya Kinyerezi yalichukua muda wake, ndiyo, lakini yalifanyika wakati ambao hayakuwa yakimnyima mtu umeme.

Wapo watakaosema kwamba masharti makali huwafukuza wawekezaji. Wa aina gani? Mwekezaji mwenye mtaji na jina la kulinda anaogopa mambo mawili kuliko fomu: mkataba wake kuvunjwa serikali ikibadilika, na shirika linalonunua umeme wake kufilisika. Yote mawili huletwa na mikataba mibaya iliyotangulia. Kenya, baada ya wateja kulalamikia bei ya umeme, iliunda kikosi kazi cha kupitia mikataba yake 2021 na ikasimamisha kwa miaka kadhaa kusaini mipya. Waliosubiri nje ya mlango katika miaka hiyo walikuwemo wawekezaji wasio na kosa lolote. Idhini iliyotolewa kwa uwazi, baada ya ushindani wa haki na pingamizi kusikilizwa, ndiyo ngao ya mwekezaji mwaminifu, kwa sababu ni vigumu kwa serikali ijayo kuuita mkataba wake wa kinyonyaji.

Pingamizi la mwisho ni la wakati huu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mashine yake ya kwanza iliwashwa mapema 2024, na zote tisa zikakamilika 2025. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Songas, iliyokuwa ikichoma gesi ya Songo Songo katika mtambo wake wa Ubungo, ulifikia tamati 2024. Kwa nini basi tujadili vibali vya mitambo ya gesi wakati umeme wa maji umejaa? Kwa sababu huu ndio wakati unaofaa. Maji yametuangusha katikati ya miaka ya 1990, 2006, 2011 na 2022, na Rufiji inalishwa na mvua zilezile za nyanda za juu zinazoshindaniwa na mashamba ya umwagiliaji. Gesi itabaki kuwa akiba ya nchi kwa miaka mingi. Lakini nchi yenye umeme wa maji mwingi inahitaji mkataba wa gesi wa aina nyingine kabisa: mtambo unaoweza kuwashwa na kuzimwa haraka, malipo ya uwezo yaliyopimwa kwa saa chache za matumizi, na muda usiotufunga kwa miongo miwili. Tukiusaini ule wa zamani kwa mazoea, tutalipia mashine zilizolala huku mabwawa yakimwaga maji. Hilo haliwezi kupimwa vizuri katika wiki ambayo taa zimezimika na kila mbunge amesimama kudai umeme. Linapimika sasa.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu mambo mawili, na yote yako ndani ya uwezo wao. Kwanza, sheria itamke kwamba mkataba wowote wa kuuziana umeme kati ya TANESCO na mzalishaji binafsi utachapishwa kabla haujaanza kutumika, malipo ya uwezo yakiwa yameandikwa kwa tarakimu. Pili, Wizara ya Nishati iwe na miradi michache ya gesi iliyokwisha kupata ardhi, tathmini ya mazingira na ahadi ya gesi kutoka TPDC, ili ukame ukija serikali itangaze zabuni ya ujenzi badala ya kuanza kumtafuta mtu mwenye mitambo. Na wewe msomaji, EWURA inapotangaza maombi ya leseni ya kufua umeme, tangazo hilo hutaja jina la mwombaji, mahali pa mtambo na tarehe ya mwisho ya kupokea pingamizi. Lisome, na kama una swali, liandike na ulipeleke kabla ya tarehe hiyo.